Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii naijua tangu nikiwa chuoni, ubao uko mapajani na mwalimu kashika bakora. Nimeitia katika mashairi yangu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Hata hivyo, nakiri mbele ya wasomaji wa ukurasa huu kwamba maana yake kamili sikuijua mpaka nilipokwenda Kisii mwaka jana kumzuru mjane wa ami yangu. Huko nilifunzwa na kijana ambaye umri wake ni nusu ya wangu.

Ami alikuwa mtu wa Mombasa. Alitoka pwani katika miaka ya sabini kwa biashara ya vipuri vya magari, akaoa katika jamaa za Wanubi wa mjini Kisii, na tangu hapo hakurudi kwetu ila kwa arusi na matanga. Yuko msomaji atakayestaajabu kusikia kuwa Kisii kuna Waislamu wa siku nyingi. Wapo. Wanubi ni vizazi vya askari waliotumikia Waingereza, wakapewa makao katika miji kadhaa ya Kenya, Kibera ikivuma zaidi ya yote. Kiswahili kwao si cha kuazima.

Mwaka 1981 jamaa mmoja aliyekuwa kazini Ghuba alimletea ami zawadi ya spika mbili. Zilikuwa na masanduku ya mbao, kimo chake kama mtoto wa miaka mitatu. Miaka hiyo, nyumba yenye kijana Dubai, Jeddah au Maskati uliijua kwa spika za namna hiyo kabla hujabisha hodi. Humo zilipita sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, katika kanda zilizonunuliwa kwenye maduka kama Mbwana Radio Service pale Mombasa. Ami alizipanda nazo milima, akawa anaisikia pwani yake katikati ya migomba na mvua.

Katika kabati la ami ilibaki kanda moja isiyouzwa dukani. Ni maulidi yaliyosomwa nyumbani kwetu mwaka 1983, na mmoja wa wasomaji ni marehemu baba yangu. Hakuna nakala nyingine. Niliiomba niisikilize, na mke wa ami akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kanda hiyo imekufa," akanambia. "Sauti ya baba yako inakwaruza kama gunia linaloburutwa sakafuni. Mimi nimeacha kuiweka, maana hunitia huzuni."

Mtoto wa ami, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, alikuwa na shauri lake. Vitupwe vyote, inunuliwe wufa. Wufa, kwa lugha ya maduka ya Kenya, ni ule mtambo mpya wenye sanduku moja kubwa na vidude vidogo pembeni, na taa za rangi zinazowakawaka. Alikwisha fungua kitambaa cha mbele cha spika moja, akanionyesha. Ule ukingo wa sifongo unaoizunguka koni ya karatasi ulikuwa umeoza. Nilipougusa ulimeguka kama majivu ya kuni.

Nilikuwa karibu kukubali. Mimi mwenyewe nilikwisha umwa na nyoka. Miaka ya nyuma nilipeleka spika zangu kwa fundi fulani, naye akanipachikia spika za gari kwa sababu ziliingia sawasawa katika tundu. Kweli ziliingia katika tundu, lakini hazikulingana na sanduku wala na amplifaya. Zangu zilikuwa za omu 8, zile za gari omu 4, na amplifaya ikafanya kazi isiyoiweza mpaka ikapata moto na kunyamaza. Tangu siku hiyo nikaamini kuwa spika kuukuu haina dawa.

Mke wa ami ndiye aliyeshikilia. Alisikia kwamba Keroka yuko fundi, basi twende, hasara ni nauli tu. Tukazifunga spika kwa shuka, tukapanda matatu. Keroka ni mji wa ajabu kidogo. Umekaa juu ya njia ya kwenda Sotik, mguu mmoja katika Kaunti ya Kisii na mwingine katika Nyamira, hata mtu aweza kununua ndizi kaunti moja akazila katika nyingine. Mvua ilikuwa imetutangulia.

Kijana alitupokea kwa adabu. "Bwakire, omogaka," akanamkia kwa Kigusii, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Hakuanza na spika. Aliiomba kanda, akaitia katika mashine yake, akavaa hedifoni, akasikiliza kitambo huku macho kayafumba. Halafu akanivalisha mimi.

Ilikuwa sauti ya baba, safi, na pumzi zake baina ya maneno, na kikohozi chake nilichokuwa nimekisahau.

"Mzee, kanda haina ugonjwa," akasema yule kijana. "Mgonjwa ni spika."

Sikuweza kumjibu kwa muda. Miaka mingi tulikuwa tukiishitaki kanda kwa kosa la mwingine. Siku ambayo spika zingekwenda jaani, kanda nayo ingezifuata.

Wasomaji wataniwia radhi nikieleza kidogo mambo ya ufundi, kwani bila ya kuyajua hatuwezi kuamua kwa haki. Spika ni kitu chepesi kueleweka. Kuna sumaku, na ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku hiyo kuna koili, yaani waya uliozongwa. Umeme wa sauti ukipita katika waya, koili hwenda mbele na nyuma, ikiisukuma koni ya karatasi, na koni huusukuma upepo mpaka masikioni. Umbo hili walilitangaza Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, miaka mitatu kabla Siti binti Saad hajavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Mpaka leo spika nyingi duniani hufuata umbo hilo hilo. Kwa hiyo spika ya mwaka 1981 si kitu cha mababu kilichopitwa. Mifupa yake ni ile ile ya spika iliyotoka kiwandani jana.

Kinachooza ni ukingo. Sifongo ile huliwa na unyevu wa hewa na mwanga wa jua, na kwa kawaida haipiti miaka 20 ikiwa nzima. Joto la Mombasa huiharakisha, na mvua za Kisii nazo haziihurumii. Ukingo ukioza, koni hupoteza kinachoishika katikati, koili hugusa sumaku na kukwaruza. Hilo ndilo gunia alilolisikia mke wa ami. Ukingo wa mpira huishi zaidi, na ndiyo sababu baadhi ya spika za zamani bado zinaimba bila kuguswa.

Fundi alifanya kazi yake mbele yangu. Aliibonyeza koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, akatega sikio kama daktari. Alikwangua mabaki ya ukingo, akaifuta karatasi kwa spiriti, akafungua kile kifuniko kidogo cha katikati na kuingiza vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili, ili isimame katikati hasa. Ndipo akabandika ukingo mpya kwa gundi. Akatuambia turudi kesho, maana gundi haitaki haraka.

Siku ya pili aligeukia sanduku lenyewe. Ndani mna kapasita, kazi yake ni kuzuia sauti nzito zisiifikie spika ndogo ya sauti nyembamba. Kapasita za aina ile, zenye majimaji ndani, hukauka kwa miaka, na kipimo chake kikapotea. Alizitoa, akatia mpya za utando wa plastiki, zenye kipimo kile kile kilichoandikwa katika zile za kale.

Hapo mtoto wa ami akauliza swali lililo kiini cha makala haya. "Madhali umekwisha fungua, kwa nini usitie kubwa zaidi? Na toboa tundu mgongoni, besi itoke!"

Kijana akacheka. Akaeleza kuwa sanduku hili limezibwa makusudi. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo kamani inayoirudisha koni, mbinu iliyotambulishwa Marekani na Edgar Villchur mwaka 1954. Ukilitoboa, umemvunja mtu mbavu ili apumue vizuri. Hata kapasita mpya, akasema, zina hatari yake: kwa kuwa ni bora kuliko za kwanza, zaweza kuifanya sauti nyembamba ikakere masikio, na fundi mwangalifu huongeza kizuizi kidogo cha umeme ili mizani irudi. "Kila kitu kikiwa bora peke yake," akamaliza, "kizima chaweza kuwa kibaya."

Maneno hayo nimeyaandika katika daftari langu. Ndiyo mpaka baina ya kukarabati na kuboresha. Kukarabati ni kumrudishia mtu sauti yake. Kuboresha ni kumsaidia aitoe bila taabu. Lakini kubadili kila kitu kwa tamaa ya makelele ni kumpa sauti ya mwingine, kisha ukadai ni yeye.

Maboresho aliyoyakubali yalikuwa mawili tu, nayo hayakugusa sauti. Alibadili nyaya za ndani zilizoshika kutu. Kisha akaweka kila sanduku juu ya kipande cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, jiwe lile lile wanalochongea vinyago vya kuuzia watalii. Ni zito na halitetemeki, basi sanduku hutulia.

Alipotaka kuzijaribu hakuweka muziki wa kisasa. Aliweka obokano, kinanda kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Wasomaji waliozoea udi na gambusi wafikirie sauti inayoshuka chini mpaka uisikie kifuani, na mngurumo ndani yake. Spika dhaifu huugeuza mngurumo huo kuwa fujo. Hizi ziliubeba. Nikafahamu kuwa kila watu wana sauti yao ya kupimia. Sisi tuna udi na ganuni, wao wana obokano, na spika ya kweli haimbagui yeyote kati yao.

Jioni ile, baada ya Magharibi, tuliiweka kanda nyumbani kwa mke wa ami. Sitaeleza zaidi. Itoshe kusema kuwa mtoto wa ami alikaa mpaka mwisho, na habari ya wufa hakuitaja tena.

Sasa nasema neno langu. Katika nyumba zetu za Mombasa, Malindi na Lamu spika za namna hii zinatupwa kila siku, au zimegeuzwa meza za kuwekea maua. Pamoja nazo zinatupwa kanda zenye arusi zetu, maulidi yetu na sauti za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Tunadhani kanda zimekufa, kumbe kilichooza ni kipande cha sifongo. Kabla hujatupa, mpe fundi anayejua asikilize, na umtake aipime kanda mbali na spika mbali. Na siku spika itakapopona, inakili kanda hiyo siku hiyo hiyo. Spika yaweza kukarabatiwa mara ya pili. Kanda iliyokatika haina mbadala.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kazi niliyoiona Keroka haihitaji kiwanda. Yahitaji gundi, kipimo cha umeme, mkono mtulivu na sikio lililofunzwa. Kaunti za pwani zina vijana wenye vitu hivyo vyote isipokuwa mwalimu. Si aibu kwetu kumleta mwalimu kutoka Kisii au Nyamira. Elimu haina bara wala pwani.

Na wenye spika zilizopona nawakumbusha haki ya jirani. Spika njema haijulikani kwa kelele. Hujulikana pale unapoipunguza na bado ukasikia pumzi ya msomaji. Nafunga kwa ubeti:

Usitupe cha zamani, kwa kuona kimechoka,
Kiangalie kwa ndani, pale kilipopasuka,
Mpe fundi mkononi, sauti itasikika,
Mbachao ulo nyumbani, si wa kwenda kuuzika.