Manyoya ya Shingoni Husema Kweli

Enyi akina mama mnaofuga kuku uani, makala ya wiki hii yanawahusu nyinyi.

Hutokea Mamboleo, kule Kisumu, mama akanunua vifaranga sita walioapiwa kuwa wote ni mitetea, akawalisha kwa miezi akingoja mayai ya kuuza apate karo. Alfajiri moja wanne wakawika. Chakula kimekwisha, mayai hakuna, na ujirani umeingia doa.

Kuku wa kienyeji akifikia miezi mitatu hivi, mtazame pahala patatu. Kwanza shingoni: manyoya ya pora ni membamba, yamechongoka na yanang'aa, ilhali ya mtetea ni mapana yenye ncha za mviringo. Pili, mgongoni karibu na mkia: pora huota manyoya marefu yanayoning'inia ubavuni, mtetea hana. Tatu mkiani: ya pora hupinda kama mundu. Upanga mwekundu pekee usikutoshe, kwani hata mtetea anayekaribia kutaga upanga wake huwa mwekundu.

Umbo hilo la mviringo hutokana na homoni za kike za kuku. Ndiyo maana koo ambaye ovari yake imeharibika huweza kunyonyoka kisha akaota manyoya ya jogoo. Huo si uchawi wala mkosi, ni maradhi. Asichinjwe kwa hofu.

Ama vifaranga wa siku moja, kuna mbegu maalumu za viwandani ambazo manyoya ya bawa hutofautisha jike na dume. Kienyeji wetu hawamo katika hesabu hiyo. Basi mwenye kuapa juu ya kifaranga wa kienyeji wa wiki moja anaapia asilolijua.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini imelowa na juu kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha aibu ya bidhaa yake. Muuzaji na aseme wazi kuwa jinsia haijulikani, na bei iwe ya vifaranga mchanganyiko. Anayetaka mitetea kwa hakika, angoje miezi mitatu na aongeze bei. Wala asione haya kuyafunua manyoya ya shingo kabla ya kutoa pesa, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.