Kuzima Wi-Fi Hakumlipi Msanii

Marafiki wa wasanii wana kauli wanayoipenda: anayeiba muziki mtandaoni, akatiwe intaneti. Utaisikia hata Bagamoyo, mji wenye Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Inavutia masikioni, lakini ni uonevu mtupu.

Nenda kwenye nyumba ya kupanga Magomeni au Dunda, hapohapo Bagamoyo. Ruta iko chumbani kwa mwenye nyumba, pasiwedi imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye fremu ya mlango, wapangaji wanachangia kila mwisho wa mwezi. Usiku mmoja wao anashusha filamu iliyoibwa. Mwenye filamu anayelalamika anachokiona ni anwani ya IP ya nyumba nzima, haoni nani alikuwa ameshika simu. Kwenye intaneti ya simu ndiyo balaa, maana anwani moja huweza kutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Ukizima hapo, umemzimia pia binti anayeomba mkopo wa chuo, fundi cherehani anayepokea oda WhatsApp, na mwanafunzi wa TaSUBa anayepandisha YouTube ngoma aliyoipiga mwenyewe. Yule kijana wa stendi anayejaza watu nyimbo kwenye flashi wala hashtuki. Mzigo wake wote uko kwenye diski.

Wafaransa walilijaribu jambo hili. Sheria yao ya HADOPI ya 2009 ilitaka chombo cha utawala kiwe na uwezo wa kukatia watu intaneti. Juni mwaka huohuo Baraza la Katiba likakataa, likisema uamuzi wa namna hiyo ni wa hakimu. Mwaka 2012 mtu wa kwanza kuhukumiwa alitozwa yuro 150 kwa nyimbo ambazo mkewe, aliyekuwa akiachana naye, ndiye aliyekiri kuzishusha. Kosa la mume? Hakuilinda intaneti yake. Mwaka 2013 adhabu ya kukata ikafutwa.

Kwetu Tanzania sheria zipo: ya Hakimiliki ya 1999 na ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hii ya pili ni kali kupita kiasi kwa maoni yangu, ila angalau mtuhumiwa anafikishwa kwanza mahakamani, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Tena wakumbukeni wanamuziki Mwana FA na AY. Waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikawapa zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ilikuwa na mawakili, ikasikilizwa, ikakata rufaa. Sikumsikia hata mmoja wenu, marafiki wa wasanii, akidai minara yake izimwe wakati kesi inaendelea. Mpangaji wa Dunda, asiye na wakili wala aliyemuuliza neno, ndiye mnayetaka azimwe kwa barua ya malalamiko?