Ufuta Umeshauzwa, Andaa Chakula cha Wawili

Msomaji wetu mmoja wa Kisaki, mama wa watoto watatu, ameandika kwamba tangu ufuta uanze kukauka shambani, yeye na mumewe hawana mazungumzo mengine zaidi ya magunia, bei na ada ya shule. Anatamani kumwandalia mwenzake chakula cha usiku chenye maua mezani. Maua ya kununua yako mbali, Morogoro mjini, na fedha ina kazi nyingine.

Dada yangu, maua unayo. Joto la Kisaki wakati wa kiangazi ni msaada mkubwa, kwani hukausha vitu upesi kuliko kule juu Mgeta kwenye ukungu.

Anza na boganvilia, ule mmea wa miiba unaotambaa ukutani. Yale tunayoyaita maua yake kwa kweli ni majani ya rangi, membamba kama karatasi, ndiyo maana yakikauka hubaki na umbo lake. Kata asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Ondoa majani ya kijani, funga vijiti vitano au sita kwa uzi, kisha ning'iniza kichwa chini mahali penye kivuli na hewa. Jua huchujua rangi. Jikoni kwenye kuni nako usining'inize; utakaribisha masizi na harufu ya moshi kwenye chakula cha mahaba! Baada ya wiki moja au mbili yatakuwa yamekauka.

Kisha nenda shambani. Mashina ya ufuta yaliyokwisha kukung'utwa yana vile vikonyo vilivyopasuka, na ukiyapanga vizuri yanapendeza kuliko maua ya plastiki. Kung'uta tena juu ya mkeka kwanza, maana mbegu zilizobaki zitamwagikia kwenye wali. Masuke ya mpunga yakate yakiwa bado na ukijani kidogo, la sivyo punje zitapukutika.

Chukua kibuyu kilichokatwa au chungu kidogo, jaza mchanga, chomeka mashina yako. Maji hayahitajiki. Yawe mafupi, yasizidi urefu wa jagi, ili muonane nyuso. Huna meza? Tandika mkeka safi, weka sinia katikati, tawanya boganvilia pembeni.

Asumini usiikaushe, hugeuka kahawia na harufu hupotea. Fanya kama wanawake wa Zanzibar na Lamu: chuma matumba yaliyofunga jioni, yatunge kwenye uzi, nayo yatafunguka usiku mkiwa mmekaa. Wenzetu wa pwani huyachanganya na mrehani kutengeneza kikuba cha kujipamba. Kama huna asumini, majani ya mrehani uliyoyapikicha kidogo kwa vidole yanatosha.

Mambo mawili yasichukuliwe kwa mzaha. Maua makavu hushika moto kama nyasi za kuezekea, hivyo mshumaa au kibatari kikae mbali nayo. Taa ya sola ni salama zaidi. Pia usipambe kwa mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, wala za mnyonyo. Zina sumu kali, na mtoto mdogo ataona ni pipi.

Watoto wale mapema, walale. Wakubwa wanaweza kusaidia kufunga vijiti mchana bila kuulizwa sana ni vya nini.

Niseme wazi kwamba maua hayamalizi ugomvi wa fedha. Kama kuna gunia liliuzwa kimyakimya, lizungumzeni mchana, na daftari likiwa wazi, siku moja au mbili kabla. Ukilileta juu ya kuku wa kienyeji na boganvilia, mwenzako atadhani maua yalikuwa mtego. Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, hakuna kinachowazuia kuandaa. Mashina ya ufuta mmeyakata wenyewe.

Usiku huo muulizane habari za zamani: mlikutana wapi, nani alimtuma mshenga, nani alichelewa.

Asubuhi tupa asumini iliyonyauka. Yale makavu yafunge kwenye gazeti, yaweke ndani ya boksi juu ya kabati, mbali na panya na unyevu. Yakitunzwa hivyo yatatumika tena kabla masika hayajaingia.