Watazamaji Nao Wamo Mtihanini

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo husikika mara nyingi katika hotuba za wageni rasmi wanaofunga mashindano ya shule, na kwa kawaida huelekezwa kwa wachezaji. Ni nadra kuelekezwa kwa waliosimama kandokando ya uwanja, ingawa pengine hao ndio wanaoihitaji zaidi.

Katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari nchini Tanzania, mchezaji ana mwalimu wa kumwongoza, ana sheria, na ana refa wa kumwonyesha kadi akikosea. Mtazamaji hana kadi ya njano wala nyekundu. Ameachiwa dhamiri yake tu, na dhamiri isiyolelewa hupotea upesi katikati ya kundi.

Hakuna anayedai kwamba viwanja vya shule viwe kimya kama chumba cha mtihani. Ngoma, nyimbo na vigelegele ni sehemu ya michezo, navyo humtia moyo kijana aliyechoka. Lakini kushangilia ni jambo moja na kuzomea ni jingine. Anayeshangilia humwinua mchezaji wake. Anayezomea hutaka kumvunja mtoto wa mwenzake. Sheria ya netiboli humpa mchezaji sekunde 3 tu za kushika mpira kabla ya kuutoa. Msichana anayechekwa umbo lake, kabila lake au jezi yake iliyochakaa katika sekunde hizo hapimwi tena uwezo wa kucheza. Anadhalilishwa mbele ya wenzake, na huenda asirudi uwanjani kamwe.

Wapo wasemao kwamba huo ni utani tu. Hoja hiyo haina uzito. Utani wa jadi una mipaka yake na una wajibu wake: watani hucheka pamoja, na msiba ukitokea huzikana. Matusi yanayorushwa kwa mgeni asiyeweza kujibu si utani bali ni uonevu.

Linalosikitisha zaidi ni pale watu wazima wanapoongoza kelele hizo. Refa wa michezo ya shule mara nyingi ni mwalimu kama walimu wengine. Hupuliza kipenga kwa lile aliloliona kwa macho yake mawili, na sheria za soka zinasema wazi kwamba uamuzi wake juu ya yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho. Mwalimu au mzazi anayemwita mwizi mbele ya wanafunzi mia kadhaa anatoa somo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Jumatatu mwalimu huyo huyo atarudisha madaftari yaliyosahihishwa, naye atataka alama zake zikubaliwe kwa adabu. Mwanafunzi atajiuliza kwa nini uamuzi wa mtu mzima uheshimiwe darasani na utukanwe uwanjani.

Dunia imekwisha kuona mwisho wa tabia hiyo. Tarehe 24 Mei 1964, mjini Lima, goli la Peru lilikataliwa katika mchezo dhidi ya Argentina. Watazamaji wakavamia uwanja, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na watu zaidi ya 300 wakafa, wengi wao kwa kubanana kwenye milango. Tarehe 9 Mei 2001, mjini Accra, mashabiki wenye hasira walirusha viti uwanjani. Mabomu ya machozi yakafyatuliwa tena, na zaidi ya watu 120 wakapoteza maisha. Viwanja hivyo havikuwa vya shule, na polisi nao walikuwa na lawama yao. Hata hivyo, shabiki wa uwanja mkubwa alikuwa mtoto kabla hajawa shabiki, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Tena kuna jambo ambalo wazomeaji husahau. Timu ya wilaya huundwa kwa kuchagua wachezaji bora wa shule mbalimbali, na timu ya mkoa kwa kuchagua wachezaji wa wilaya mbalimbali. Mlinda mlango anayetukanwa leo na shule jirani ndiye atakayelinda lango la wilaya yao wote mashindano yakisonga mbele. Itakuwa vigumu kumtaka asahau.

Tiba yake haihitaji fedha. Mwalimu mkuu anaweza kuzungumza na wanafunzi wake kabla ya mchezo, si baada ya vurugu. Walimu wachache wanaweza kupangwa kukaa miongoni mwa watazamaji badala ya kukusanyika wote kwenye meza ya wageni. Shule mwenyeji inaweza kuwapokea wageni kwa maji ya kunywa na kuwasindikiza hadi kwenye gari lao, washinde au washindwe. Malalamiko juu ya refa yapelekwe kwa maandishi kwa kamati ya mashindano, ambako yanaweza kusikilizwa. Na watumishi wa umma wanaoalikwa kutazama wakumbuke kwamba nao wanatazamwa.

Kombe hukaa kabatini mwaka mmoja, kisha huenda kwa wengine. Tabia aliyoipata kijana pembeni mwa uwanja ataondoka nayo shuleni, ataingia nayo kazini, na hatimaye atawafunza wanawe. Hiyo ndiyo ya kuchungwa kwanza.