Jenereta zimezimwa Kibondo na Kasulu, sasa mwendesha mitambo anaulizwa cheti

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu kupitia Nyakanazi, na jenereta za dizeli zilizokuwa zikiwasha miji hiyo zikazimwa. Wenye friji na mashine za kusaga walipumua. Swali ambalo halijapewa uzito ni moja: kijana wa huko aliyejifunza kazi kwenye jenereta anaenda wapi?

Jibu fupi ni kwamba kazi ya mitambo haijaisha Kigoma. Kilichobadilika ni mtambo wenyewe, na karatasi inayotakiwa mlangoni.

Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, mkoani humo humo, ni wa megawati 49.5. Upande wa kilimo, serikali imekuwa ikisukuma zao la michikichi kwa miaka kadhaa sasa. Wakamuaji wadogo huchemsha ngazi kwenye mapipa kwa kuni. Kiwanda kikubwa cha mawese hakiwezi kwenda hivyo. Kinahitaji mvuke wa kuivisha vichala, yaani kinahitaji boila, ambayo huchoma makapi na vifuu vya chikichi chenyewe. Viwanda vya sukari kama Kagera hufanya hivyo kwa makapi ya miwa na kujizalishia umeme.

Jenereta siyo boila

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Aliyezoea jenereta anajua kusoma geji, kujaza daftari la zamu na kusikia injini ikibadilisha mlio. Hayo yatamsaidia kokote. Ila boila ina hatari yake.

Kwenye presha ya bar 10, maji ndani ya boila hufika nyuzi joto 180 hivi bila kugeuka yote kuwa mvuke. Chombo kikipasuka, maji hayo hulipuka kuwa mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi kubwa mara mamia kuliko maji. Maji yakishuka chini ya kiwango huku moto unawaka, chuma huungua na kulegea. Anayekimbilia kumwaga maji baridi wakati huo anaweza kuua zamu nzima. Kwa hiyo valvu ya usalama na kioo cha kuonyesha maji si vitu vya kujifunzia kwa kubahatisha.

Ndiyo maana sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, OSHA hukagua maboila na vyombo vingine vya presha. Lakini ukaguzi wa chombo haumpi ujuzi anayesimama mbele yake usiku wa manane. Na leseni ya EWURA ya kufunga umeme majumbani haimfanyi mtu kuwa mwendesha mtambo.

Njia ipo, muda ndio mdogo

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Fundi anapimwa kwa vitendo, anaongezewa pale penye pengo, kisha anapewa cheti. Kwa mwenye miaka kadhaa kwenye jenereta, huo ni mlango wa kwanza. Mafunzo ya boila au ya mitambo ya maji yanafuata juu yake, na lazima yawe na muda wa kutosha chini ya opareta mzoefu.

Tatizo ni kwamba mafunzo huchukua miezi au miaka, wakati mwajiri hutangaza nafasi kwa wiki mbili. Mtambo ukikamilika kabla vijana wa Kasulu na Kibondo hawajapata vyeti, zamu zitajazwa na watu kutoka mbali, na wenyeji watabaki kubeba zege na kulinda geti.

Halmashauri hazihitaji kusubiri uzinduzi. Zinaweza kuorodhesha mafundi waliopo, kuwapeleka kupimwa, na kudai nafasi za mazoezi kwa vitendo wakati mikataba ya viwanda bado iko mezani. Baada ya kusainiwa, nguvu hiyo hupungua sana.