Maoni: Ponti ya kamyo si kitu cha kubahatisha

Ukipita asubuhi katika komini ya Kampemba, upande wa kartie Industriel ama Bel-Air, hutakosa kuona kamyo ya zamani imeinuliwa juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yametolewa, na vijana wawili watatu wamelala chini yake wakiwa wamejaa grisi. Pembeni, mwenye gari amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu sikioni. Anatafuta ponti.

Wengi wanacheka wakisema ni shida ya wenye kamyo peke yao. Mimi nasema hapana. Kamyo hizo ndizo zinazotuletea mahindi kutoka barabara ya Kasenga, makala, mchanga na matofali. Kamyo ikilala wiki tatu garajini, shofa hapati mshahara, mkulima anaangalia magunia yake yakiloa, na mama sokoni anapandisha bei ya unga. Na kamyo ikitoka garajini na ponti mbovu, hapo tunazungumzia maisha ya watu.

Ndugu yangu mmoja alipatwa na jambo hilo. Kamyo yake ina ponti mbili za nyuma. Moja ilikufa, akanunua nyingine kwenye kiwanja cha vyuma vikuukuu. Ilikuwa na sura ile ile, matundu ya bulon yaliingia vizuri, na baada ya siku mbili gari likatembea. Kila mtu alipiga makofi. Siku chache baadaye, likiwa na mzigo wa mahindi, likasimama porini likitoa moshi chini. Walipofungua, ponti ya zamani ilikuwa na korona ya meno 37 na pinyo ya meno 6. Ile iliyonunuliwa ilikuwa na korona ya meno 41 na pinyo ya meno 7. Gawanya mwenyewe: ya kwanza inatoa 6,17, ya pili 5,86. Magurudumu ya ponti hizo mbili yalitaka kukimbia mwendo tofauti, na diferansieli ya katikati ikazunguka bila kupumzika mpaka ikaungua. Alilipa ponti mara mbili, na mahindi ya watu yakanyeshewa.

Hakuna aliyemwibia. Muuzaji aliuza chuma, fundi akafunga chuma. Kosa ni kwamba hakuna aliyehesabu meno. Na kuhesabu hakugharimu hata faranga moja. Ponti nyingi zina kibati kidogo chenye namba. Kama kibati kimepotea, weka gia kwenye nyutro, inua gurudumu moja la nyuma na uache la pili chini, limezuiwa vizuri kwa mawe. Zungusha lililoinuliwa mara mbili kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani. Hesabu anayoipata ndiyo namba ya ponti yako. Kisha chukua kamba ya kupimia: upana kutoka gurudumu hadi gurudumu, nafasi kati ya vikalio vya resori, hesabu ya bulon za magurudumu, aina ya breki. Nenda kiwanjani na karatasi hiyo mkononi. Usiende na picha ya simu tu.

Ukifika, usilipe kabla ponti haijafunguliwa. Mafuta yake yanasema ukweli kuliko muuzaji. Yakiwa na unga wa chuma unaong'aa ama yakinuka kuungua, ujue rulema na meno vimekwisha kuliwa. Muuzaji akikataa kufungua, jibu umekwisha kulipata.

Kwa maoni yangu lakini, mara nyingi njia nzuri si kununua ponti nzima ya kubahatisha. Kama gamba la ponti yako halikupasuka wala kupinda, litengeneze. Nunua korona na pinyo, zote mbili pamoja. Kiwandani vitu hivyo viwili vinasuguliwa pamoja mpaka vizoeane, kama mume na mke. Ukichukua korona ya huku na pinyo ya kule, zitalia siku ya kwanza na kuvunjika siku ya pili. Tia rulema mpya na jwe mpya. Halafu mwambie fundi apake rangi kwenye meno, azungushe, akuonyeshe alama mahali yanapogusana. Alama ikikaa katikati ya jino, kazi ni nzuri. Ikikaa pembeni, afungue aanze tena. Fundi anayekasirika kwa sababu umemwomba alama hiyo, mwachie kahawa yake uondoke.

Kuna mambo mawili ambayo tungepaswa kuyakataa kabisa katika garaji zetu. La kwanza ni kuchomelea shafti iliyovunjika. Chuma kile kilikazwa kwa moto kiwandani. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wake, na kando ya kovu ndipo kitakapokatika tena. Kikikatika mlimani na mzigo, injini haishiki gurudumu tena. Na katika magari ya zamani ambayo breki ya mkono inashika kardani, hiyo nayo haisaidii kitu. Gari linarudi nyuma, na nyuma kuna watu. La pili ni kuchomelea meno madogo ya ndani ya diferansieli ili gari «lisiteleze kwenye matope». Kwenye kona, gurudumu la nje linapaswa kukimbia kuliko la ndani. Ukilifunga, unakula tairi, unavunja shafti, na usukani unaenda moja kwa moja wakati wewe unataka kukata kona.

Najua jibu la wenye kamyo: «Franga iko wapi?» Ni swali la haki. Mtu aliyekopa hawezi kungoja pyesi mwezi mzima. Lakini ponti rahisi iliyofungwa mara mbili si rahisi tena. Wengine wanasema tuuze gari kuukuu tununue jipya. Vizuri, mwenye uwezo anunue. Lakini gari jipya linalobebeshwa kama la zamani litafikia magogo yale yale ya Kampemba.

Maana ponti haifi yenyewe, tunaiua kwa mzigo. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, jumuiya ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, inaweka tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi mbili mbili, na tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana. Wajuzi wa barabara walipima huko Marekani, kati ya 1958 na 1960, wakaona uharibifu unapanda haraka kuliko uzito wenyewe: ekseli ya tani 13 inaumiza lami karibu mara tatu kuliko ya tani 10. Barabara ikiharibika, shimo linarudi kuvunja ponti. Tunajilipisha sisi wenyewe.

Lubumbashi ni mji uliozaliwa mwaka 1910 kutokana na shaba na reli. Baba zetu walijifunza kukereza chuma katika karakana za Union Minière, iliyogeuka kuwa Gécamines, na za reli, ambayo leo ni SNCC. Ujuzi huo haukufa. Uko Salama kwa Wasaleziani, uko INPP, na uko kwa wazee wanaokaa nyumbani bila kazi. Kinachokosekana ni daraja kati yao na kijana aliyelala chini ya kamyo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Komini iwaite mafundi wa ponti na walimu wa shule hizo, wapange mafunzo mafupi ya jioni, na anayefaulu apewe karatasi ya kubandika ukutani. Kila garaji iandike kwenye fakitire hesabu ya meno, pyesi zilizotiwa, na siku za garanti. Na sisi wenye magari tukubali kumlipa fundi anayepima kuliko yule anayekimbia.

Siku nyingine ukipita Industriel ukaona kamyo juu ya magogo, usicheke. Muulize mwenyewe swali moja tu: «Papa, meno umehesabu?»