Binti wa Pwani Aliyejifunzia Kuogelea Mlimani



Mwezi uliopita nilisafiri hadi Nyeri kwa amri ya dada yangu, na niseme kweli, nilitumwa kwenda kukataza. Binti yake, aliye mwaka wa 3 katika chuo kikuu huko, alimpigia mamake simu kumweleza kwamba ameingia katika mchezo uitwao triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, pasi na kupumzika baina yake. Dada yangu alisikia neno moja tu, kuogelea. Akaniambia, "Wewe ndiye mama yake mdogo, wewe atakusikiliza. Panda uende." Nikapanda gari la moshi hadi Nairobi, na kutoka hapo matatu kwa kilomita kama 150, maneno yangu yakiwa tayari kinywani na shali mbili mabegani.

Mtoto huyu tunamjua. Shuleni hakuwahi kushinda hata mbio za kijiko na ndimu. Alikuwa mtu wa vitabu, na akipanda ngazi za nyumba ya bibi yake Mji wa Kale, alikuwa akisimama katikati kuvuta pumzi. Sasa ana miaka 22, na wenziwe waliolelewa katika riadha walianza wakiwa wadogo. Kwa hiyo nilipomkuta kituoni akinisubiri, mwembamba kidogo kuliko nilivyomwacha, akalibeba begi langu akaupanda mlima huku akizungumza bila kukatika pumzi, nilinyamaza.

Nyeri yenyewe ina lawama yake katika jambo hili. Mji umekaa juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, vilima mtindo mmoja, na alfajiri njia zina watu wanaokimbia. Hapa ndiko alikozaliwa Catherine Ndereba, katika kijiji cha Gatunganga, mwaka 1972. Mwanamke huyo alishinda mbio za Boston mara 4, na mwaka 2001 mjini Chicago akavunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Wakati huo alikuwa tayari mama wa mtoto. Kiganjo, mwendo mfupi kutoka mjini, ndiko chuo cha polisi alikokuwa mkufunzi wa mazoezi Kipchoge Keino. Mtu akiishi mahali kama hapo, miguu humwasha.

Alianza kwa kukimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, kisha kutembea nguzo mbili. Aliniambia kuwa wiki za mwanzo alidhani ana ugonjwa wa moyo, kumbe ni hewa ya juu iliyo nyepesi, nasi wa pwani mapafu yetu hayakuizoea. Miezi 3 ilipita ndipo alipokimbia kilomita 5 bila kusimama. Baiskeli alinunua ya mtumba. Mara ya kwanza pindo la buibui liliingia katika mnyororo likamwangusha mtaroni, na tangu siku hiyo huvaa suruali pana na kanzu fupi ya magotini, na mtandio mwepesi uliobanwa chini ya kofia ya chuma. (Kofia si ya chuma, ni ya plastiki, lakini mimi nimezoea kuiita hivyo.)

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo palipokuwa na neno.

Sisi wa Mombasa tumezaliwa kisiwani. Wavulana wetu hujirusha baharini wangali hawajaota meno ya pili. Mabinti tunawaketisha ufukoni wakishika viatu vya kaka zao. Mimi mwenyewe nina miaka 44, na maji yakinifika kiunoni nasoma dua. Nakumbuka vyema tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ilipopinduka Mtongwe wakafa watu 272. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote; msongamano ule Mungu ndiye aujuaye. Lakini tangu siku hiyo, mama zetu walizidi kutukataza maji, na hakuna hata mmoja aliyesema tufundishwe kuyaogelea. Hofu ikawa ndiyo malezi.

Binti yetu alikuja kujifunzia mlimani, zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini kwao. Alimpata mwalimu mwanamke, mstaafu wa shule, Mkikuyu mwenye sauti kama ya mwadhini. Bwawa ni la hoteli, na wageni wake ni mchanganyiko, ila Jumapili asubuhi mji mzima huwa kanisani na bwawa huwa tupu. Mwalimu akazungumza na msimamizi, wakakubaliana saa moja na nusu iwe ya wanawake peke yao, yeye mwenyewe akienda ibada ya mchana. Nilipolisikia hilo nilimwombea kheri.

Nguo ilikuwa mtihani mwingine. Alianza na kanzu ya pamba, ikanywa maji ikawa nzito kama mkeka ulioloa, ikamvuta chini. Siku hizi kuna vazi la kitambaa chepesi kisichoshika maji, lenye kofia yake, lililobuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama Mwislamu wa Australia. Kule Nungwi, Unguja, mabinti hufundishwa kuogelea na walimu wanawake wakiwa wamejisitiri hivyo hivyo. Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza, ya sitara, ilianguka kabla sijaitoa.

Nikatoa ya pili, kwamba mashindanoni atavuliwa. Akanitajia Shirin Gerami, Mwirani aliyeuanza mchezo huu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Durham, Uingereza. Mwaka 2013 alishindana London kwa jina la nchi yake, mwili na nywele vimefunikwa tangu majini hadi mwisho wa mbio, na mwaka 2016 akamaliza yale mashindano marefu ya Hawaii: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42 za kukimbia. Ya tatu sikuitoa. Mtu anayejua kwamba Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alishindana mbio na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, hawezi kusema mbio ni aibu kwa mwanamke.

Jumapili hiyo niliketi kando ya bwawa, miguu imekunjwa kwa baridi. Nilimwona akiweka uso majini, akitoa pumzi kwa mapovu, akigeuza kichwa upande kidogo tu kuvuta nyingine. Akanieleza kuwa hilo ndilo lililomchukua miezi 4: kuamini kwamba hewa itapatikana. Analenga yale mashindano mafupi, mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za miguu, na hatazamii kushinda mtu. Siku hiyo aliogelea mita 600. Mita 150 za mwisho bado zinamshinda, hutoka akitetemeka midomo.

Jioni nilimpigia dada yangu. Nilimwambia nilichokiona, hata mtaro na pindo la buibui. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na huyo mwalimu, kweli ni mwanamke?" Nikamwapia. Hakuruhusu, hakukataza. Alisema binti akija likizo atataka kuyaona kwa macho yake, na mahali pawe pa siri.

Basi nimeanza kutafuta hapa Mombasa bwawa litakalotupa saa moja kwa wiki, milango imefungwa na mlinzi mwanamke. Mawili yamenikatalia. La tatu wamenijibu nije na wanawake 10 watakaolipa kwa miezi 3 mfululizo. Hadi ninapoandika haya ninao 6, nami nikiwemo.